Usisubiri Upungue: Kuanza Karate au Judo Ukiwa na Mwili Mzito

Mtu mnene akisema anataka kujifunza karate, jibu analopewa na wanaompenda huwa lilelile: punguza mwili kwanza, halafu uende. Linasemwa kwa nia njema na linasikika kama la busara. Mimi nalipinga, maana limewaweka watu wengi nyumbani kuliko maumivu ya magoti. Anayeambiwa apungue kwanza hukimbia peke yake alfajiri wiki mbili, magoti yakavimba, akaacha. Dojo ambalo lingempa mwalimu, wenzake na ratiba, hakulitia hata machoni. Unaweza kuanza na kilo ulizo nazo leo. Cha kuangalia ni namna ya kuanza, nani wa kukufundisha, na kasi utakayoikubali miezi mitatu ya mwanzo.

Michezo hii yenyewe haikuasisiwa na watu wa maungo ya kutisha. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, alikuwa kijana mdogo wa umbo aliyeonewa na wenzake shuleni. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, alikuwa mtoto wa afya dhaifu. Na upande wa uzito, kundi la juu la wanaume katika judo ya Olimpiki huanzia kilo 100 na halina kikomo. La wanawake huanzia kilo 78. Teddy Riner wa Ufaransa, mwenye kilo zaidi ya 130, alitwaa dhahabu ya kundi hilo la wanaume London mwaka 2012, Rio de Janeiro mwaka 2016, na Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 35. Upande wa wanawake, Idalys Ortiz wa Cuba alipata medali katika Olimpiki nne mfululizo. Hao wamefanya mazoezi maisha yao yote, na sikutajii ili ujipime nao. Nataka tu ujue kwamba ndani ya kanuni za mchezo mwili mkubwa una nafasi yake, na hakuna anayekufanyia hisani kwa kukupokea.

Anzia kituo cha afya

Nenda ukapimwe presha na sukari. Zahanati ya karibu inatosha. Vipimo vya moyo vya gharama kubwa ni vya pale daktari anapoona sababu. Presha inayofika 140 kwa 90 au kuzidi, ikipimwa zaidi ya siku moja, ni ya juu. Haikukatazi mazoezi, kwani mazoezi yenyewe ni sehemu ya tiba yake, ila inatakiwa ianze kushughulikiwa. Ikiwa imefika 180 kwa 110, ahirisha mazoezi mazito mpaka ishuke kwa dawa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, na ikirudiwa ikabaki hapo, ni kisukari.

Mwenye kisukari ana mambo mawili ya kuzingatia dojoni. Kwanza, huko watu hufanya mazoezi peku, na kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Unaweza kujikata usijue. Kagua nyayo zako kila ukimaliza, hata katikati ya vidole, na kama miguu ina ganzi omba uvae viatu laini vya ndani. Pili, anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari katikati ya mazoezi: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kula kabla ya kwenda, beba glukosi au pipi, na mwambie mwalimu mahali ulipoziweka.

Kama kifua hukubana unapopanda ngazi, kama maumivu huelekea mkono wa kushoto au taya, kama umewahi kuzirai, au hukosa pumzi ukilala chali, dojo lisubiri. Hospitali ndiyo ya kwanza.

Jambo jingine la kabla ya kuanza utalifanyia nyumbani. Kaa chini sakafuni, kisha inuka. Fanya hivyo karibu na kiti kizito ambacho unaweza kukishika. Maisha ya dojo ni maisha ya sakafuni: unapiga magoti, unakaa, unalala, unainuka, mara nyingi kwa jioni moja. Wengi waliozoea kochi na kiti cha ofisi hugundua hapo kwamba kuinuka ndilo zoezi lao la kwanza. Lifanye kila siku, mara tatu au nne, polepole. Ongeza kukaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono mpaka ufikishe mara kumi. Ongeza pushapu za ukutani, na baadaye za ukingo wa meza. Tembea dakika 20 kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, siku nne kwa wiki. Wiki tatu au nne za hivyo zinatosha. Lakini panga tarehe ya kwenda dojoni kabla hujaanza maandalizi haya, na umwambie mtu mmoja unayemheshimu, la sivyo maandalizi yatageuka kuwa kulekule kungoja kupungua kwanza.

Mchezo upi, na mwalimu yupi

Nikiulizwa na mtu wa kilo 110 aanze na nini, humjibu karate, hasa ya mkondo wa Goju-ryu. Huanguki, hubebwi, na unaweza kujifunza kata, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa, peke yako kwa kasi ya pumzi zako. Misimamo yake mingi ni mifupi na mateke yake mengi ni ya chini. Mkondo huu una mizizi kwetu pia. Dar es Salaam uliletwa miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha katika shule ya Zanaki, na walimu wengi wa Kitanzania wanahesabu nasaba yao ya karate kuanzia hapo. Judo naipenda zaidi kwa mtu mzito aliyekwisha kuzoea, na Zanzibar imekuwa na judo ya heshima tangu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kuifundisha visiwani. Ila judo inahitaji tatami nzuri, yaani mikeka ya kuangukia. Kama dojo limetandika magodoro membamba juu ya saruji, usikubali kuangushwa hapo, hata kama mwalimu ni bingwa.

Taekwondo ina kuruka kwingi na mateke ya juu, mambo ambayo magoti na nyonga za mtu mzito hayana haraka nayo. Ngumi hujenga pumzi kuliko mchezo wowote ninaoujua, na unaweza kufaidi mfuko na pedi bila kupigana na mtu. Ukienda huko, kataa kuruka kamba kwa miezi ya mwanzo na utembee papo hapo badala yake, na kataa kabisa kupigwa kichwani.

Lakini mwalimu ana uzito kuliko mchezo. Mwalimu mzuri wa mchezo usiokufaa sana atakufikisha mbali kuliko mwalimu mbaya wa mchezo unaokufaa. Kabla ya kujiandikisha, nenda ukatazame somo moja zima, toka salamu ya kufungua hadi ya kufunga. Tazama kama kuna mwanafunzi aliyevuka miaka 40. Tazama kama kuna mnene mwingine, na kama yupo, angalia uso wake. Mtu akiishiwa pumzi, mwalimu hufanya nini? Watu hunywa maji saa ngapi? Aliyechelewa anaadhibiwa kwa kuruka kichurachura kuzunguka ukumbi? Zoezi hilo tulilolirithi kwenye mabwalo ya shule huliweka goti lililokunjwa kabisa chini ya uzito wote wa mwili, tena kwa kishindo, na mtu wa kilo 100 anaweza kuharibu kwa dakika mbili kile kitakachochukua miezi kupona. Dojo ambalo kichurachura ni sheria ya wote bila kuangalia mtu, liache, utafute jingine.

Ukiridhika, subiri somo liishe, umfuate mwalimu kando. Useme yote, kwa maneno mafupi: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, nina presha na natumia dawa. Goti la kulia linaniuma nikishuka ngazi. Sijafanya mazoezi tangu nimalize shule. Nataka kujifunza, na naomba mazoezi ya kuruka uniruhusu nifanye mbadala wake." Mwalimu anayejua kazi yake atauliza maswali, pengine atakushika goti na kukuambia uchuchumae kidogo aone. Anayecheka na kusema "hapa utapungua tu", bila kuuliza dawa gani wala goti gani, amekujibu tayari kwamba hakufai.

Inawezekana mwalimu akawa kijana wa umri wa mwanao. Nje ya mlango atakuamkia wewe. Ndani utamwinamia yeye na kumwita sensei, na binti wa miaka 15 mwenye mkanda wa kahawia atakurekebisha mkono. Watu wazima wenye vyeo kazini huona taabu hapa kuliko kwenye pushapu. Nakusihi ulikubali jambo hili kwa moyo mweupe siku ile ya kwanza. Mtu mzima anayekubali kufundishwa na mdogo wake huheshimiwa dojoni haraka kuliko unavyodhani, na vijana wenyewe humtunza.

Miezi mitatu ya magoti na pumzi

Nenda mara mbili kwa wiki. Mara tatu ni nyingi kwa sasa, na mara moja haitoshi mwili kukumbuka. Siku nyingine tembea.

Sababu ya kwenda taratibu iko ndani ya mwili. Misuli huanza kupata nguvu baada ya wiki chache tu. Kano, zile zinazoishika misuli kwenye mifupa, hukawia, na gegedu za magoti hukawia zaidi. Kwa hiyo hatari kubwa haiko wiki ya kwanza, unapokuwa mwoga. Iko wiki ya sita hadi ya kumi, pale pumzi zimekuja, misuli imekaza, unajisikia kijana, na unaanza kuruka na vijana huku kano za kisigino na za goti zikiwa bado ni zile za mtu wa kochi. Wengi huumia hapo na kuondoka wakiamini mchezo si wao. Hata ukijisikia vizuri, shikilia kasi ya mwanzo mpaka miezi mitatu ipite.

Kipimo cha pumzi ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima wakati wa zoezi, uko mahali pazuri. Ukibaki na neno moja moja, punguza. Usipoweza kusema lolote, toka pembeni: inama kwa mwalimu, sogea ukingoni, na uendelee kutembea polepole badala ya kujitupa chini, ili damu iliyojaa miguuni irudi kwenye moyo. Sentensi ikirudi, nawe urudi mstarini. Muafikiane na mwalimu tangu mwanzo kwamba utafanya hivyo bila kuomba ruhusa kila mara. Wiki za kwanza utatoka mara nyingi, na hiyo ndiyo namna sahihi ya kufanya mazoezi kwa mtu wa hali yako.

Wenye presha wawe macho na kubana pumzi. Ukikaza mwili mzima huku umefunga koo, presha hupanda ghafla. Goju-ryu ina kata iitwayo Sanchin, inayokwenda taratibu kwa kukaza misuli na kuvuta pumzi kwa sauti. Ni kata nzuri mno, ila kwa mwenye presha ifanywe laini, pumzi ikitoka bila kukatika. Vivyo hivyo kwenye pushapu: toa pumzi unapopanda.

Sasa magoti. Waliopimwa wakiwa na magoti yaliyolika walionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Ukigeuza hesabu hiyo utaelewa kwa nini kuruka ni jambo la baadaye. Kwenye misimamo, simama juu. Zenkutsu-dachi yako (msimamo wa mbele) iwe fupi kuliko ya kijana aliye mbele yako, shiko-dachi yako (msimamo wa kupanua miguu) isishuke chini, na goti lifuate njia ya vidole vya mguu bila kuangukia ndani. Kina kitakuja chenyewe miguu ikipata nguvu. Kwenye teke la mzunguko, mawashi geri, geuza kwanza mguu uliosimamia hadi kisigino kielekee kwenye shabaha, ndipo nyonga ifuate. Unyayo ulio peku hushika tatami. Mguu usipogeuka na mwili ukageuka, linalosokotwa ni goti. Piga teke usawa wa paja la mwenzako na ulijue vizuri. Hakuna aliyewahi kudai kwamba teke la paja haliumi.

Kukaa seiza, kwa kupiga magoti na kukalia visigino, ni adha kwa mwenye mapaja makubwa. Kunja taulo uweke kati ya matako na visigino, au omba kukaa umekunja miguu mbele. Adabu ya kitendo hicho iko kwenye kutulia kwako, na mwalimu wa kweli anajua.

Ukiingia judo, somo lako la kwanza na la muda mrefu liwe kuanguka. Anza ukiwa umelala chali: kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda, mikono miwili ipige tatami karibu na mwili, kama nyuzi 45 kutoka ubavuni, huku unatoa pumzi. Rudia mpaka kichwa kisiguse chini hata ukiwa umechoka. Kisha anguka kutoka kukaa, kisha kutoka kuchuchumaa, na mwisho kabisa kutoka kusimama. Mwenye tumbo kubwa hupata shida kuukunja mgongo, kwa hiyo kuanguka kwa ubavu humjia kwanza. Kubingirika mbele kusubiri. La kukariri kuliko yote ni kutonyoosha mkono kuzuia sakafu. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika kifundo, kiwiko au mtulinga. Na elimu hii itakufaa hata ukiacha judo kesho, maana wazee wetu wengi wanaovunjika nyonga hawakuangushwa na mtu, waliteleza bafuni.

Uzito wako una wajibu wake pia. Ukimwangusha mwenzako, mshike mkono wa vazi na umsindikize chini; usimwangukie. Mwenye kilo 60 aliyekubali kufanya mazoezi nawe amekukabidhi mbavu zake. Ila kuna mahali utafurahi. Chini kwenye tatami, katika mkao wa kesa-gatame, unakaa ubavuni mwa mpinzani, nyonga chini, umemkumbatia shingo na mkono, na kifua chako kimelala juu ya kifua chake. Kwenye mashindano, kumshikilia mtu hivyo sekunde 20 ni ushindi kamili. Wembamba huchukua muda mrefu kujifunza jinsi ya kuwa wazito katika mkao huo. Wewe utakachojifunza ni kutulia na kupumua, na utawaona vijana wenye mikanda ya rangi wakihangaika chini yako wasitoke. Nimeona nyuso za watu wazima zikibadilika siku hiyo, baada ya miaka mingi ya kuutazama mwili wao kama mzigo tu.

Siku ya pili baada ya somo la kwanza utaumwa kila mahali, pengine ushindwe kushuka kitandani vizuri. Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 kisha hupoa. Tembea, oga maji ya uvuguvugu, lala. Usimeze diklofenaki kabla ya kwenda mazoezini ili "usisikie": dawa hizo zinauzwa kila duka, lakini hupandisha presha, huumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji, na hukufichia maumivu uliyohitaji kuyasikia. Maumivu ya ndani ya kiungo, yanayochoma, yanayoambatana na uvimbe au goti kukwama, si ya mazoezi; simama, uonwe. Na baada ya siku ya mazoezi makali kupita kiasi, mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, kimbilia hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyovunjika inaziba figo.

Vazi, ngozi na joto

Namba za gi, yaani vazi la mazoezi, hufuata urefu, kila namba ikiongeza sentimita 10: ya 4 ni ya mtu wa sentimita 170, ya 5 ni ya 180. Mnene atanunua namba moja au mbili juu ya urefu wake ili koti lifunge tumboni, kisha ampelekee fundi cherehani akate mikono na suruali. Hakuna haja ya kununua mwezi wa kwanza. Suruali ya michezo na fulana vinatosha. Mkanda mrefu uagize mapema, maana mikanda mifupi ndiyo inayojaa madukani. Ndani ya suruali vaa kaptura ya kubana na upake vaselini mapajani, la sivyo msuguano utakupa vidonda kabla mazoezi hayajakupa chochote. Wanawake wasibanie fedha sidiria ya michezo iliyo imara. Wanaojistiri watapata hijabu za michezo zisizo na pini, na pini zisiingie kabisa kwenye tatami.

Kwenye mikunjo ya ngozi, fangasi hupenda jasho. Oga mara tu ukimaliza, jikaushe hasa chini ya matiti, tumbo na kinena, na usirudie gi isiyofuliwa. Ukiona duara lenye ukingo mwekundu, kaa nje ya judo mpaka litibiwe. Mwenzako atalipata kesho.

Joto la pwani, hasa Desemba hadi Machi, lichukuliwe kwa uzito. Mwili hupoa jasho linapokauka, na hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ikiwa imejaa unyevu jasho halikauki. Linachuruzika tu, chini ya pamba nzito. Kunywa kama nusu lita saa mbili kabla, na mafunda kila dakika 15. Ukiacha kutoa jasho, au ukahisi baridi na kichwa kizunguke, toka nje, vua koti, jimwagie maji. Mwezi wa Ramadhani, wafungaji wafanye mazoezi baada ya futari, au wafanye kata nyepesi tu kabla ya magharibi.

Sahani na mizani

Niseme wazi: karate haitakupunguza sana peke yake. Mtu wa kilo 100 kwa saa moja ya somo la wanaoanza hutumia kama kilokalori 500, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina zaidi ya 7,000. Kibanda kilicho nje ya dojo, chipsi mayai na soda baridi, hurudisha zote ulizotumia na kuongeza juu. Soda ya kola ya mililita 330 peke yake ina gramu 35 hivi za sukari, vijiko vinane vya chai na zaidi. Kwa hiyo kama kuna badiliko moja la chakula nitakalokuomba mwezi wa kwanza, ni kuacha soda na kupunguza sukari ya chai. Usianze mlo wa kujinyima na mazoezi mapya wiki moja. Utakosa nguvu, utalaumu mazoezi. Kula ugali wako au wali, upunguze kidogo, ongeza maharage, dagaa, samaki na mboga. Ndizi mbivu moja saa nzima kabla ya somo, na chakula cha jioni nyumbani ukirudi.

Mizani uipande mara moja kwa mwezi, siyo zaidi. Miezi ya kwanza inaweza isisogee, huku mkanda wa suruali ukisogea tundu mbili. Andika mambo mengine: ulipanda ngazi za ofisini bila kusimama, uliinuka sakafuni bila kushika kitu, presha ilisomaje, ulitoka pembeni mara ngapi katika somo. Hayo hubadilika mapema na ndiyo yatakayokurudisha dojoni. Kama unatumia dawa za presha au kisukari, rudi kwa daktari baada ya miezi miwili au mitatu, kwani dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Usiipunguze mwenyewe.

Jiandae pia kwa watu. Kwetu kitambi bado huchukuliwa na wengi kama ushahidi wa maisha kukunyookea, na anayepungua huulizwa kama anaumwa, wakati mwingine kwa sauti ya chini, wakimaanisha ugonjwa fulani. Utaitwa bonge mtaani ukipita na mfuko wa gi, na utaitwa mgonjwa ukipungua. Jibu fupi linatosha: "Niko salama, nafanya mazoezi." Kwa dada, maneno huwa mengi zaidi: mama mzima, watoto wanne, anarusha mateke. Tafuta mwenzako mmoja wa kwenda naye, hata shemeji au jirani. Wawili hawataniwi kirahisi, na siku mmoja akikosa hamu mwingine atampitia mlangoni.

Mwalimu atakapokuita kwenye mtihani wa mkanda wa kwanza, muulize utapimwa kwa nini. Mkanda wa njano haudai kuruka wala mateke ya kichwani. Unadai ujue misimamo, ngumi, mateke na kuzuia kwa msingi, kata moja au mbili, na katika judo uanguke salama. Jifunze hayo sawasawa, na uombe mapema mbadala wa kitu ambacho goti lako halikiruhusu. Kubali mtihani pale mwalimu anaposema uko tayari, si pale wenzako mlioanza pamoja wanapofanya.

Na utakosa. Mvua za masika, msiba kijijini, mwisho wa mwaka kazini, mtoto kuumwa. Wiki tatu zitapita hujaonekana, na utaona aibu kurudi. Mtumie mwalimu ujumbe siku moja kabla: "Sensei, nilipata dharura, kesho nakuja." Ukifika, simama mwisho wa mstari na ufanye nusu ya ulichokuwa unafanya ulipoacha, kwa masomo mawili, bila kujaribu kufidia. Somo la tatu endelea ulipokuwa.